Barua ya wazi kwa mnaotuletea vijana wa kujitolea: tafuteni kazi kwanza, kijana baadaye

Kwa: Wakurugenzi wa mashirika yanayoleta vijana wa kujitolea Kilimanjaro na Arusha
Nakala: Wakurugenzi wa Halmashauri, Maofisa Ustawi wa Jamii, Wakuu wa Shule

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Moshi. Ikifika Juni, ndege zinazotua KIA huanza kushusha vijana wa miaka 18 hadi 22, begi mgongoni, fulana ya shirika kifuani. Wengine hukaa wiki mbili, wengine wiki sita, wachache mwaka mzima. Sisi tunaoandika tuko upande wa mapokezi: waratibu, walimu, mafundi ujenzi na maofisa ustawi wa jamii. Hatuandiki kuwafukuza wageni. Tunaandika kwa sababu utaratibu wenu unaanzia mwisho. Nafasi inauzwa, kijana analipa, tiketi inakatwa, ndipo simu inapigwa huku kuulizwa kuna kazi gani wiki ijayo. Mwenyeji hawezi kumrudisha mtu aliyekwisha kupanda ndege, kwa hiyo anatafuta chochote cha kumpa. Karibu kila kasoro tutakayoitaja hapa imezaliwa na simu hiyo.

Wenzenu wa zamani walishayaona haya. VSO ya Uingereza ilianza mwaka 1958 kwa kupeleka vijana waliotoka sekondari tu, kisha ikaachana nao taratibu na kugeukia watu wenye fani, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wakiombwa. Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa 1961 na kuingia Tanganyika mwaka huohuo, huja kwa mwaliko wa serikali na humweka mtu miezi 27, mitatu ya mwanzo ikiwa ya lugha na mafunzo. Weltwärts ya Ujerumani, iliyoanza 2008 kwa vijana wa miaka 18 hadi 28, haipokei chini ya miezi 6. Nazo zina dosari zake, tunazijua. Lakini ikiwa mwenye miezi 27 anatumia mitatu kujifunza kusalimia na kusikiliza, mwenye wiki mbili asiahidiwe kwenye tangazo kwamba anakuja kubadilisha maisha ya kijiji.

Ombi letu la kwanza ni karatasi moja. Kabla hamjatangaza nafasi, muwe na hati ya kazi yenye saini na muhuri wa anayeihitaji kazi hiyo: mkuu wa shule, mganga mfawidhi wa zahanati, mtendaji wa kijiji. Iitaje kazi yenyewe. "Kufundisha kompyuta kidato cha pili, vipindi 8 kwa wiki" inaeleweka. "Kuwawezesha watoto" haieleweki hata kwa aliyeiandika. Iseme nani anaifanya kazi hiyo sasa, na huyo atakuwa wapi mgeni akifika. Swali hili hurukwa kila mara, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote. Jibu likiwa kwamba kuna mtu wa hapa anayelipwa kuifanya, basi hakuna nafasi hapo. Iseme lugha ya kazi, saa za kila siku, msimamizi ni nani na posho yake inatoka wapi, maana mwalimu mkuu anayemtembeza mgeni siku nzima anaacha darasa lake. Iseme kitakachobaki baada ya mgeni kuondoka na kitabaki mikononi mwa nani. Na chini kabisa iandikwe miezi ambayo mgeni asije.

Hilo la miezi mnalikosea kila mwaka. Chuo cha Ulaya kikifunga Juni, nanyi mnaleta watu Juni. Lakini muhula wetu wa kwanza huisha mapema Juni na wa pili huanza Julai. Mgeni anafika shule imefungwa, na utakuta watoto wanaitwa likizoni ili apate darasa la kusimama mbele yake. Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa, Novemba kidato cha nne, na wiki za kuelekea mitihani hiyo hakuna mwalimu mwenye nafasi ya kumwelekeza mtu. Miezi mizuri kwa shule ni katikati ya Januari hadi Mei, halafu katikati ya Julai hadi Agosti. Na mfundisheni kijana namna tunavyohesabu saa. Aliyeambiwa kikao ni saa mbili akatokea saa nane mchana hana kosa lolote, hakuambiwa tu.

Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Asiyejua Kiswahili hawezi kushika darasa la kwanza wala la pili, hata awe na moyo wa dhahabu. Ataimba nyimbo za Kiingereza kwa wiki tatu, na wiki ya nne mwalimu wa darasa atakimbizana na mada alizoziacha nyuma. Kwa anayekuja miezi 6 na zaidi, tunataka saa 40 za Kiswahili kabla ya kupanda ndege na wiki mbili za darasa akishafika. Walimu wapo: wale wa chuo cha MS TCDC pale Usa River wamefundisha wageni kwa miongo, na kwa wanaokwenda Unguja kuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Anayekuja chini ya hapo asipewe darasa. Apewe maktaba, maabara ya kompyuta, bustani ya shule au michezo, akiwa na mwalimu pembeni.

Tuje kwenye ujenzi, ambako makosa huonekana kwa macho. Kifurushi chenu cha kawaida ni vijana 15, wiki mbili, darasa moja. Zege la msingi na la lenta (boriti inayopita juu ya milango na madirisha) tunalichanganya kwa uwiano wa 1:2:4. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo mchanga ni ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo 7, maji lita 25 hadi 28 na yasizidi. Huchanganywa kavu kwanza, hugeuzwa mara tatu kwa beleshi mpaka rangi iwe moja, ndipo maji yaingie kidogo kidogo. Kijana akishachoka kugeuza huongeza maji, kwa sababu zege la maji ni laini na mkono haumi. Maji yale ya ziada yakikauka huacha vitundu ndani, na lenta inayotakiwa kubeba paa inabaki haina nguvu. Kisha mnapenda ule mstari wa kupokezana makarai huku picha zikipigwa. Unapendeza, lakini zege likikaa zaidi ya saa moja bila kumwagwa linaanza kushika, na fundi akiliongezea maji ili lilainike amekwisha kuliharibu.

Ukutani ndiko kunakouma zaidi. Kila kozi, yaani mstari mmoja wa matofali, hupimwa kwa uzi, timazi na pima maji. Mikono mipya huweka udongo (mchanganyiko wa saruji na mchanga) mnene huku na mwembamba kule, na kozi ya nne ikifika ukuta umeshalala. Jioni gari la wageni likiondoka, fundi anabomoa kozi hizo na kuzipandisha upya kwa saruji nyingine, ambayo haimo kwenye bajeti yenu wala yake. Asubuhi wageni wanakuta ukuta umenyooka na hakuna anayewaambia.

Halafu kuna kumwagilia. Zege jipya linataka maji kila siku kwa siku 7 kwa uchache, na nguvu yake huhesabiwa imekamilika siku ya 28. Siku ya 14 nyinyi mko Ngorongoro. Juni hadi Septemba ni kiangazi, bomba la shule linatoka siku moja moja, na hakuna aliyepanga fedha za mapipa ya maji ya kununua. Rangi nayo hupakwa siku ya 13 ili sherehe ya makabidhiano ifanyike wageni wakiwepo, wakati plasta mpya inatakiwa ikae kama wiki nne ikauke. Rangi iliyowekwa juu ya plasta mbichi inavimba na kubanduka, mwaka hauishi. Ukiona darasa lenye mabaka ya rangi na alama za viganja vya wageni ukutani, umeshajua lilivyojengwa.

Hesabu yake ni hii. Tiketi ya dola 1,200, kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi milioni 3. Kibarua wa saidia fundi kwa shilingi 15,000 kwa siku angefanya kazi siku 200 kwa fedha hiyo. Hatusemi kijana asishike beleshi. Tunasema wageni wasizidi wawili kwa fundi mmoja, kila mgeni awe na saidia fundi wa kulipwa kando yake, wafanye kuchimba msingi, kusomba, kuchekecha mchanga na kumwagilia, na lenta, paa na plasta waachiwe mafundi. Na fungu la siku 28 liwekwe pembeni kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Ombi la pili ndilo zito: futeni nafasi zote za makao ya watoto. Zote, hata zile zenye picha nzuri na uongozi mnaoufahamu.

Watoto wengi waliomo kwenye makao hayo wana mzazi aliye hai, au bibi, au shangazi. Kilichowatoa nyumbani mara nyingi ni umaskini, shule iliyo mbali au maradhi ya mlezi. Makao yanayoishi kwa ada ya wageni yanahitaji watoto wa kuonwa na wageni. Kitanda kikibaki wazi, mapato yanapungua, na mzazi aliyekuja kumchukua mwanawe hukuta kila wiki kuna sababu mpya ya kungoja. Hiyo ni biashara, hata kama kila aliyemo ndani yake ana nia njema.

Mtazameni mtoto wa miaka mitatu pale getini. Gari linasimama, mtu asiyewahi kumwona anashuka, naye anakimbia na kumkumbatia miguu. Mgeni anaona upendo na anaandika hivyo nyumbani. Afisa ustawi anaona dalili ya mtoto aliyezoea walezi wanaobadilika kila wiki, asiyemtofautisha wa kwao na mpita njia. Mgeni huyo ataondoka Jumamosi. Mama mlezi anayelala pale ndiye atakayebaki na kilio chake mpaka gari lijalo.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zizuie madhara yanayotokana na wageni kujitolea kwenye makao ya watoto. Kwa hiyo hamwezi kusema hamjasikia.

Lakini msikate ghafla. Makao yanayolishwa na ada zenu yakipoteza ada hizo mwezi mmoja, watakaolala njaa ni watoto. Tunapendekeza miezi 12. Mitatu ya kwanza hakuna mgeni mpya ila fedha zinaendelea, huku afisa ustawi akifungua faili la kila mtoto: anatoka wapi, nani yuko hai, nani yuko tayari kumpokea. Baada ya hapo fedha zimfuate mtoto nyumbani. Ada za shule za serikali ziliondolewa mwaka 2016 kuanzia msingi hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana havikuondolewa, na hapo ndipo bibi anaposhindwa. Kaya inayostahili iandikishwe TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Asiye na ndugu aende kwa mlezi wa kuaminika anayetambuliwa na ustawi wa jamii. Na tafadhali wekeni kwenye bajeti nauli ya kumtembelea mtoto aliyerudi, angalau mara moja kwa mwezi kwa mwaka wa kwanza. Mipango mingi mizuri imefia kwenye mafuta ya pikipiki ya afisa ustawi.

Hata kwenye shule za kawaida, hakuna kijana atakayeingia bila cheti cha polisi cha kwao: Mwingereza alete ICPC (cheti cha kimataifa cha ulinzi wa mtoto), Mmarekani ripoti ya FBI ya alama za vidole, Mjerumani cheti chao cha polisi cha aina ya kina kinachotolewa kwa wanaofanya kazi na watoto. Kisiwe na zaidi ya miezi 6. Asikae na mtoto peke yake kwenye chumba kilichofungwa, asimchukue kwenda mjini, asimpige picha ya uso na kuirusha mtandaoni. Mzazi wa Zürich hangekubali, na wa Pasua hapa Moshi hakuulizwa.

Hospitalini tutakuwa wafupi. Mwanafunzi wa udaktari awe na usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika na afanye yale tu anayoruhusiwa kwao, chini ya msimamizi. Asiyesoma udaktari asivae koti jeupe wala asiingie leba kutazama. Mama anayejifungua hajatoa ruhusa kwa sababu tu hakuwa na nguvu ya kukataa.

Kuhusu vibali, kuna tabia ya kumwambia kijana aseme uwanjani amekuja kutalii. Visa ya matembezi hairuhusu kujitolea. Uhamiaji wakifika shuleni, kijana anashikwa, anatozwa faini au anarudishwa, na mkuu wa shule anabaki kujieleza kwa mkurugenzi wake. Kwa chini ya miezi mitatu ombeni visa ya biashara, ambayo kwa raia wa nchi nyingi ni dola 250. Zaidi ya hapo ni kibali cha ukaazi daraja C, kinachoombwa na shirika mwenyeji, na maombi yaanze mapema kwa sababu karatasi ikikosekana moja yote yanarudi. Jambo linalowaponyoka wengi: uhamiaji ni wa Muungano, kazi si ya Muungano. Aliyekamilisha taratibu za kazi Bara akihamishiwa Jambiani lazima apitie Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar. Na kuingia shule ya serikali popote kunataka barua ya mkurugenzi wa halmashauri. Ruhusa ya mdomo ya mwalimu mkuu haitoshi, hata awe rafiki yenu wa miaka kumi.

Tuzungumze fedha. Kijana analipa ada kubwa akiamini inakwenda kijijini. Chapisheni mgawanyo wake kwa shilingi: tangazo na ofisi, bima, gari, familia mwenyeji, shule. Familia mwenyeji ilipwe kabla ya wiki kuanza, na kiwango kihesabu LUKU (umeme wa kulipia kabla), maana mgeni mmoja mwenye kikausha nywele na hita ya kuogea anaweza kumaliza umeme wa wiki kwa siku mbili, na mama mwenye nyumba hawezi kumwambia.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wenu hawalioni. Katika shule nyingi wanazopelekwa kuna Watanzania wenye shahada ya ualimu wanaofundisha kwa kujitolea wakisubiri ajira, wanaopewa fedha ya nauli na michango ya wazazi, au hawapewi kitu. Hao wanajua mtaala, wanajua lugha, na watakuwepo mwakani. Kwa kila mgeni mnayemleta, lipeni posho ya mwalimu mmoja wa aina hiyo kwa muda uleule, wafanye kazi bega kwa bega, na hati ya kazi iwe na majina yao wote wawili. Na njia isiwe ya kwenda upande mmoja. Tangu 2013 Weltwärts ina mpango wa kuwapeleka vijana wa Kusini kujitolea Ujerumani. Nyinyi mnaopokea mamia kutoka Kaskazini mwaka hadi mwaka, mmeshamgharamia Mtanzania yupi akafanye kazi kwenye nyumba ya wazee kwenu?

Afya ni fupi ila isirukwe. Dawa ya kinga ya malaria imezwe hadi siku ya mwisho iliyoandikwa, hata baada ya kurudi. Homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kipo hata zahanati ya kijiji. Kijana akipata homa wiki kadhaa baada ya kufika kwao, amwambie daktari wazi kwamba alikuwa Tanzania, kwa sababu huko daktari anaweza kudhani ni mafua na malaria kali haisubiri. Bodaboda bila kofia ngumu hapana, usiku hapana kabisa. Bima iwe ya kumsafirisha mgonjwa hadi hospitali kubwa, tena nambari yake ya simu awe nayo mratibu wa huku, isibaki ofisini London.

Tutumieni fani za vijana mlio nao na miezi wanayoweza kukaa kabla ya tarehe 31 Januari. Tutazipeleka kwa wakuu wa shule, zahanati na vijiji, na hati zenye muhuri zitawarudia kabla ya Februari kuisha, pamoja na orodha ya waliokataa na sababu zao. Nafasi ambayo kufikia hapo haina hati, msiitangaze.

Wenu katika kazi,
Waratibu, walimu, mafundi ujenzi na maofisa ustawi wa jamii wa upande wa mapokezi
Moshi